Lomayani na Kwaya ya Wasichana Saba

Kuna watu waliopewa na Mungu mdomo mmoja kama sisi wengine, ila wao wakautumia kwa niaba ya ukoo mzima. Lomayani ni mmoja wao. Alizaliwa Olmotonyi, upande wa magharibi wa Mlima Meru, na mama yake anashuhudia kwamba alianza kuongea kabla hajaota meno. Huenda anatia chumvi, maana katika ukoo ule wa kutia chumvi ni wengi. Lililo hakika ni kwamba alipokuwa akichunga mbuzi wa babu yake, aliwasemea mbuzi wote, kila mmoja na sauti yake, wakichumbiana na kushtakiana kwa balozi wa nyumba kumi.

Alipopata kipaimara, usharika ukampa kazi ya kutafsiri mahubiri kwa Kimaasai kila alipofika mgeni. Mgeni akisema, "Bwana asifiwe," Lomayani alitafsiri dakika tatu na wazee wakatokwa na machozi. Mzungu mmoja aliondoka na mbuzi wa zawadi kwa mahubiri ambayo, ukweli usemwe, hakuyahubiri.

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa alipoishia mjini, mtaa wa Kwa Mrombo, katika kibanda umiza cha Romanus, Mchaga mmoja aliyejenga banda la mabati, akaweka mabenchi na televisheni kubwa, akaliita sinema. Hapo Lomayani alikuwa DJ Loma, mtafsiri wa filamu. Kichina hakijui, Kikorea hakijui, na Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Alikaa kando ya televisheni na maiki yake, na alichosema yeye ndicho filamu ilichosema. Sharti lake lilikuwa moja tu: haitazami filamu kabla ya watu. Alidai filamu ni kama chapati, ukiila imepoa umekula unga.

Lakini ukimuuliza Lomayani yeye ni nani, hatakwambia ni mtafsiri. Atakwambia ni besi. Miaka kumi na minne alisimama safu ya nyuma ya kwaya ya usharika wake, na aliposhuka na ile sauti yake, hata watoto waliokuwa wakilia waliacha. Ilikuwa ndiyo saa pekee katika wiki aliposema maneno yaliyoandikwa na mtu mwingine, tena kwa wakati mmoja na wenzake, na aliipenda saa hiyo kuliko chakula.

Kisha mdomo ukamponza. Kwaya ilirekodi video, wakaimba kando ya maporomoko ya maji wakiwa na sare mpya za zambarau, na Romanus akakubali kuionyesha bure. Lomayani alikaa mahali pake, maiki mkononi. Video ilipoanza, mazoea yakamshinda. Kabla hajajua anafanya nini, alikwisha kuwatangazia watu kwamba hili ni genge la majambazi waliojificha ndani ya sare za kwaya, na kiongozi wao ni yule mama anayenyanyua mikono na kusema, "Mikono juu, kila mtu alale chini!"

Yule mama alikuwa Mwalimu Naisiae, mwalimu wa kwaya, mwanamke wa miaka sitini na miwili ambaye hakuwahi kuchelewa ibada hata siku moja. Kibanda kilianguka kwa kicheko. Mtu akarekodi kwa simu, simu ikapeleka WhatsApp, na kufika Jumapili mkuu wa jimbo alikuwa ameiona. Hayo yangepita. Lakini kwenye mashindano ya kwaya ya jimbo, Mwalimu Naisiae aliponyanyua mikono kuanzisha wimbo, vijana wa usharika wa jirani walioketi nyuma nao wakanyanyua yao juu kama watu waliovamiwa. Soprano wakacheka. Tena wakacheka wakati wa kuvuta pumzi, wakati mbaya kuliko wote. Wakawa wa mwisho.

Mwalimu hakumtukana Lomayani. Alimwambia tu kwamba asimame mbele ya kwaya, aseme amekosa, kisha arudi safu yake. Jambo dogo, utasema. Lomayani alijaribu mara tatu. Mara ya kwanza alisimama akaomba radhi kwa niaba ya maporomoko ya maji. Mara ya pili alimwigiza mkuu wa jimbo. Mara ya tatu alileta gunia la viazi, akalisemea gunia. Mwalimu alivipokea viazi, akamfungia mlango. Na Lomayani, aliyeweza kusema kwa niaba ya mbuzi, wazungu na majambazi wa Hong Kong, akagundua kwamba kwa niaba yake mwenyewe hana hata neno. Miezi minane alikaa benchi la washarika wa kawaida, kinywa kimefungwa, akisikia pengo safu ya nyuma mahali sauti yake ilipokuwa. Iliuma, wala asikudanganye mtu.

Katika hali hiyo ndipo Romanus alipoleta katuni. Alitaka kitu cha akina mama wa sokoni, wakati wa mchana biashara inapolala. Ilikuwa katuni ya Kijapani ya vipindi kumi na viwili. Mwanzoni ulikuwa mchezo wa simu: unapewa wasichana wanaotaka kuwa waimbaji nyota, unawafundisha, unawavalisha, unawapandisha jukwaani. Mchezo ulipopendwa, Wajapani wakautungia hadithi. Lomayani hakuyajua hayo, na hata angejua yasingemsaidia. Aliona wasichana saba wa sare moja, wakifanya mazoezi mbele ya mwanamume mwenye daftari, akasema bila kusita kwamba hii ni kwaya na huyu ni katibu wake.

Tangu hapo kila kitu kikakaa mahali pake. Tamasha likawa mashindano ya jimbo. Watazamaji waliopunga vijiti vya taa wakawa washarika na mishumaa yao. Mama Lekishon, muuza vitunguu ambaye pia huimba soprano, aliuliza kwa nini mishumaa hii ni ya zambarau. Lomayani akamjibu kwamba ni Kwaresma. Tamasha lililofuata mishumaa ilikuwa ya kijani, naye akasema Kwaresma imekwisha.

Miongoni mwa wasichana wale alikuwamo mmoja mwenye nywele za rangi ya fedha asiyecheka. Kwa mtafsiri wa filamu za mapigano, mtu asiyecheka ni adui. Lomayani akamwita Sifurahi, akamfanya msaliti. Kwa vipindi vinane Sifurahi aliwatilia soprano pilipili kwenye chai, akaficha vitabu vya nyimbo, akamsengenya katibu. Akina mama walimchukia mpaka basi. Kipindi cha saba Mama Lekishon alimrushia kitunguu, na Romanus akabandika tangazo la kukataza kuingia na bidhaa.

Ila picha zina ukaidi wake. Kipindi cha tisa Sifurahi aliondoka kundini, akatembea peke yake kwenye mvua. Cha kumi na cha kumi na moja wenzake sita wakamtafuta mji mzima wakilia. Lomayani alisema wanamtafuta wampige, lakini hata yeye aliona kwamba mtu hatafuti wa kumpiga kwa macho yale.

Siku ya kipindi cha mwisho kibanda kilijaa hadi mlangoni. Mama Lekishon alikuwa amemtangazia Mwalimu Naisiae habari za kwaya ya Japani yenye nidhamu ya ajabu, na Mwalimu, ambaye kwa nidhamu angekwenda hata baharini, akaja kuiona. Aliingia katuni imekwisha kuanza, akaketi benchi la mbele, mkoba magotini. Lomayani alimwona, akaishusha maiki.

Kwenye televisheni, Sifurahi alisimama mbele ya wenzake, kichwa chini. Midomo yake ilicheza. Midomo ikaendelea kucheza, na DJ Loma kimya.

"Tafsiri basi, baba," Mama Lekishon akasema. "Mwenzio anaongea."

Lomayani akaishika maiki kwa mikono miwili. Sauti aliyoitoa ilikuwa ile nyembamba ya msichana.

"Nimekosa," Sifurahi akasema. "Niliwafanya watu wamcheke Mwalimu wetu. Niliona watu wanafurahi, nikadhani nimefanya jema. Tangu siku ile siimbi. Najifanya sijali. Naimba chooni, na majirani wananigongea ukuta. Nimejaribu kuja kusema, nikifika nageuza mzaha, kwa sababu naogopa. Nawaomba mnirudishe."

Katika katuni ile hapakuwa na mwalimu wa kike hata mmoja, wala choo, lakini hakuna aliyeuliza. Wasichana sita walimkimbilia Sifurahi wakamkumbatia wote kwa pamoja, na akina mama wa Kwa Mrombo, waliomlaani mwezi mzima, wakalia kwa kwikwi. Mama Lekishon alijipangusa kwa khanga, akasema ni vitunguu.

Mwalimu Naisiae alisimama. Mwanga wa televisheni ukamng'aria kwenye blauzi.

"Huyo binti amesema vizuri," akasema. "Mwambie mazoezi ni Alhamisi saa kumi. Ila aje na sauti yake mwenyewe. Ya kuazima hatuna pa kuiweka."

Alhamisi Lomayani alifika saa tisa. Kwaya ilipokusanyika alisimama mbele yao, watu ishirini na sita, bila maiki. Alikuwa ameandika ukurasa mzima akaukariri. Akafungua kinywa, na kwa hofu ikatoka ile sauti nyembamba ya Sifurahi. Wakacheka, na Ephraimu, mpiga kinanda, akakiinamia kinanda chake kikapiga mlio wa kutisha. Mwalimu hakucheka. Alikunja mikono akangoja.

Lomayani akaanza tena. Ile besi iliyonyamazisha watoto kanisani ilitoka ndogo mno, hata safu ya pili hawakuisikia vizuri.

"Nimekosa, Mwalimu."

Ukurasa wote uliobaki ulikuwa umepotea. Mwalimu akageukia safu ya nyuma.

"Besi, sogeeni."

Wakasogea. Wimbo wa kwanza Lomayani hakuuimba, alikuwa analia. Wa pili aliingia mapema mno, na Mwalimu Naisiae akaisimamisha kwaya nzima, akamgombeza mbele ya wote kama mtu wa nyumbani.