Mwalimu wa Ng'ambo na Kiko Chake

Mwalimu bora niliyepata kumjua sikuwahi kumwona kwa macho, maana nilimtunga mwenyewe. Nilimtunga kwa uvivu, mchana wa joto, katika shule ya udongo na nyasi upande wa Kabambare, ambako mapadri wa Kasongo walinituma kufundisha nikiwa bado kijana mwenye mdomo mkubwa kuliko akili.

Watoto walikuwa wameimba silabi za ubaoni tangu asubuhi mpaka silabi zikaisha, nami nikaishiwa pamoja nazo. Wakaanza kusinzia. Basi nikawaambia kwamba kulikuwa na mwalimu mmoja ng'ambo ya mto Lualaba, mbele ya Nyangwe huko, mtu mnene, mvuta kiko, mwenye wanafunzi wakaidi kuliko wao. Wakaamka wote. Tangu hapo kila mchana walimdai mwalimu wa ng'ambo, nami niliwapa. Mara nyani wamemwibia chaki, mara mke wa chifu amekuja kusoma kwa siri. Nilisema chochote kilichonijia mdomoni.

Kitu kimoja nilikitia humo bila hata kufikiri. Mwalimu wa ng'ambo akishamuuliza mtoto swali, alitoa kiko chake na kuanza kukijaza tumbaku, akiishindilia polepole kwa kidole gumba. Mpaka kiko kijae, hakuna aliyeruhusiwa kusema isipokuwa yule aliyeulizwa. Hata kama amekwama, hata kama wenzake wanakufa kwa kutaka kujibu. Watoto walikipenda sana hicho kiko. Hadithi ikifika hapo, darasa zima lilishindilia tumbaku ya uongo katika viganja vyao, kimya.

Mimi mwenyewe sikuwa hivyo hata kidogo. Nilikuwa na fimbo na hasira za karibu. Ukiulizwa, ujibu sasa hivi. Ukichelewa, nakuruka, na fimbo nakuachia. Nilidhani huko ndiko kufundisha, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa, na tusidanganyane, nilipenda kuogopwa.

Katika darasa hilo kulikuwa na msichana mwenye kigugumizi. Neno lilimkwama kooni, mishipa ya shingo ikamsimama, na kabla halijatoka nilikuwa nimeshamwita mwingine. Baba yake alikuwa mkulima wa kijiji kile kile, na pamba ya lazima, iliyoamriwa na serikali, ilidai kila mkono uliokuwa nyumbani kwake. Alinieleza waziwazi, mkewe akisikia: mtoto atasoma mpaka padri atakapokuja kukagua shule. Padri akimchagua kwenda kwa masista Kasongo, aende na baraka zake. Asipomchagua, anarudi kwenye pamba, na habari ya shule imekwisha. Nikamjibu tutaona, kwa sauti ya mtu aliyeshaona.

Jioni moja niliwakuta watoto wakicheza karibu na mto. Yule msichana alikuwa amesimama mbele yao ameshika kipande cha ubao kilichoandikwa kwa mkaa. Neno lilikuwa limemkwama, na wenzake wameketi mbele yake wakishindilia viganja vyao kwa vidole gumba. Hakuna aliyecheka. Mimi nikaona wananifanyia mzaha, wanaigiza darasa langu mgongoni kwangu. Nikawatawanya kwa fimbo, wala sikungoja kusikia neno lenyewe.

Halafu ikaja habari kwamba padri yuko njiani. Sisi walimu wa vijijini tulijua la kufanya. Wanafunzi walilima shamba la mwalimu, ilikuwa desturi, mzazi hakushangaa. Basi siku ya ukaguzi wale wazito wa kusoma uliwapeleka huko wakafukuze ndege kwenye mpunga wako, na padri akakuta darasa la wajuzi watupu. Tulifundishana ujanja huo tukicheka. Asubuhi hiyo nilipotaja wa kwenda shambani, yule msichana alikuwa wa kwanza. Alifungua mdomo aniambie kitu. Mtoto mmoja nyuma yake alikuwa ameshaanza kushindilia kiganja. Mimi nikanyoosha fimbo kuelekea njia ya shambani, naye akaenda.

Padri alifurahi kweli. Aliwasomesha mmoja mmoja, akachagua watoto wake wa Kasongo, akaniambia kwamba mtu kama mimi hatakaa porini muda mrefu. Baba wa yule msichana alikuwa amesimama nje na wazazi wengine, amevaa shati lake la kanisani, akitafuta sura ya mwanawe ndani ya darasa. Walipotoka watoto wote akaniuliza yuko wapi. Nikamwambia yuko kwenye mpunga wangu.

"Kwenye mpunga yako," alisema, kama mtu anayehakikisha kwamba amesikia vizuri.

Hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Kesho yake mahali pa mtoto darasani palikuwa wazi, na mimi nikawasogeza wengine pasionekane.

Miaka ilipita. Padri alitimiza neno lake, nikahamishiwa Kasongo, nikavaa viatu, nikanenepa. Siku moja nilikuwa Kabambare kuwasalimu wakwe zangu, nikapita penye soko la pamba. Wanawake walikuwa wameketi juu ya vikapu wakingoja mizani. Mmoja wao alikuwa na mtoto mdogo magotini, anamsomesha maneno yaliyopigwa rangi kwenye gunia. Mtoto akakwama. Mama yake akaangalia pembeni, akaanza kushindilia kiganja chake kwa kidole gumba, taratibu, mpaka mtoto akalitoa lile neno.

Nilimjua kabla hajainua uso. Nilitaka kupita upesi, lakini alishaniona, akasimama, akapiga goti kidogo kama inavyompasa mwanafunzi. Maneno yake bado yalikwama, na safari hii sikuwa na fimbo wala mwingine wa kumwita, kwa hiyo nilingoja. Alinieleza kwamba amewafundisha kusoma watoto wake wote, na jirani zake wawili watatu. Halafu akaniuliza kwa upole:

"Mwalimu, ule mwalimu wa ng'ambo, angali muzima?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa akitania. Kumbe wote waliamini kwamba mtu yule alikuwapo, kwamba ndiye aliyenifundisha mimi. Ningeweza kumwambia kweli pale pale. Nikaona haya, nikasema angali mzima, ila amezeeka.

Akafungua pindo la kitambaa chake, akatoa tumbaku iliyosokotwa kwenye jani la mgomba. Alikuwa ameinunua kwa ajili ya baba yake. Akanipa mimi.

"Mupelekee," alisema. "Umuambie asante. Umuambie siku ile padri alikuja, mimi nilikuwa najua kusoma."

Neno la mwisho lilimchukua muda mrefu kulitoa. Nikaipokea tumbaku kwa mikono miwili, mimi ambaye sijavuta maishani mwangu, nikamwahidi kwamba itafika.