Mteja Mkorofi wa Jumamosi

Nyumbani Tanga mdomo wangu umenigombanisha na nusu ya ukoo. Hapa Kigali ulinipatia kazi. Mshahara haukuwepo, ila kila Jumamosi nilikula bure, na kwa mwanamke anayeishi peke yake, anayeshinda ofisini juma zima akifuatilia mizigo ya watu, chakula kilichopikwa na mwingine si jambo dogo.

Jirani yangu wa Kimironko, Mnyarwanda aliyekulia Karagwe na ambaye Kiswahili chake ni hikihiki chetu, anasimamia shirika dogo nyuma ya soko. Wanachukua vijana wasio na mbele wala nyuma, wengi waliokua bila wazazi, wanawafundisha kupika na kuhudumu mezani, halafu wanawatafutia kazi kwenye migahawa na hoteli. Siku moja alinisikia getini nikimfokea dereva wa pikipiki aliyenipitiliza. Badala ya kunionea aibu alinijia anacheka. Vijana wake, alisema, walikuwa wakijifunzia kwa wateja wapole mno. Mtu wa hapa akiletewa supu ya baridi hunyamaza, hulipa, na harudi tena. Alitaka mtu wa kuwafokea.

Jamani, nilifurahi! Miaka yote naambiwa punguza mdomo, leo naombwa niuongeze. Nilikuwa naingia pale na kanga yangu begani, nakaa, naanza. Kijiko kichafu. Chai imepoa. Huyu mbona kaja nyuma yangu na kaletewa kwanza? Vijana walipigana vikumbo nani anihudumie, na tukimaliza tunacheka mpaka machozi. Isipokuwa mmoja.

Huyo alikuwa binti wa mtaa wa Gatsata, mwembamba, mwepesi wa mikono. Hakuna aliyepanga meza kama yeye. Lakini nikipaza sauti tu, anaganda. Macho chini, trei inatetemeka, neno halitoki. Jirani alinieleza sababu: shangazi aliyemlea akipaza sauti, kinachofuata ni kipigo. Hoteli moja ilishamchukua. Mteja akamfokea mara moja tu, naye akaweka trei sakafuni, akatoka, akatembea na aproni yake mpaka Gatsata. Sasa shirika lilikuwa limempatia nafasi nyingine ya majaribio, katika mgahawa wa Kicukiro, na ndiyo ilikuwa ya mwisho. Akishindwa, anarudi kwa shangazi yule.

Niliumia, nikasema mimi naacha. Jirani akakataa. Aliniuliza, nikiacha mimi, huyu mtoto akajifunzie wapi, kwa mtu mwenye chuki naye?

Basi nikamwomba binti awe anakuja kwangu jioni, tupike wote. Nilimwandalia masomo, kumbe sikumfundisha lolote. Jioni ya kwanza dada yangu alipiga simu kutoka Tanga. Mimi na dada yangu hatuongei, tunabwatukiana. Nilipokata simu nikamkuta binti amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko ameukumbatia kifuani. Akaniuliza nagombana na nani. Nikamwambia sigombani, namsalimia dada yangu. Alinitazama, akanitazama tena, kisha akacheka, weee, cheko ambalo sikujua analo. Ilibidi akae chini.

Tangu siku ile simu ikilia alikuwa anapunguza moto asikilize vizuri. Mwishowe akaanza na yeye kunifokea, kwa Kiswahili chake cha mjini hapa ambamo kila kitu ni "iko": chumvi iko wapi, mama, sahani iko chafu, nani amekufundisha kuosha? Mimi nikawa natoka ofisini mbio kama mtu aliyeacha kitu jikoni. Nilimpenda yule mtoto. Sina namna nyingine ya kulisema.

Siku ya majaribio mwenye mgahawa alikaa pembeni, karibu na kaunta, kutazama. Alijua kuwa mimi ni mteja wa kupangwa. Jirani alinionya nisimhurumie binti hata kidogo, maana yule bwana akiona tunaigiza ovyo hatachukua tena kijana wetu hata mmoja. Na mimi nikiogopa ndipo sauti inapopanda. Mishikaki ikaja, nikaisukuma kwamba imeungua. Akaibadilisha. Juisi nikasema ni maji matupu. Akaibadilisha. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa, na furaha ya kuiona imetulia ikanipanda kichwani. Nikapitiliza. Nikapiga meza, nikamuuliza ni nani aliyemdanganya kwamba anaiweza kazi hii.

Sasa, kosa letu sote lilikuwa hili: hakuna aliyewaambia wateja wengine. Mzee wa meza ya pili, suti yake safi, akainuka. Hakupaza sauti. Watu wa hapa wakikasirika huishusha, na hiyo ndiyo inayochoma. Kwa Kiswahili cha kujikongoja akaniambia kuwa mtoto wa mtu hadhalilishwi mbele za watu, na kama sikufunzwa adabu, mlango ule pale. Wanaume wawili wakasimama nyuma yake. Mimi na mdomo wangu wote nikainuka, nikavuta kanga yangu begani.

Binti akaja akasimama katikati yetu. Safari hii hakuinamisha macho.

"Mutusamehe, muzee," akasema. "Ni mama yangu. Anaongeaka hivi, lakini hana roho mbaya."

Kisha akamsogezea mzee kiti, akamuuliza kama chai yake bado iko moto. Mzee akakaa. Na mimi nikakaa.

Mwenye mgahawa alituita nyuma, jikoni, mimi, binti na jirani. Nilijua tumekwisha. Lakini alianza kwa kumwambia binti kwamba wahudumu wa kuvumilia matusi amewaona wengi, wa kuwakalisha wote wawili, mgomvi na mgombewa, hajamwona. Halafu akakunja uso. Shirika lilimwambia binti huyu hana mama. Huyu mama katoka wapi? Yeye hapendi kudanganywa, na anataka kujua nani kamdanganya.

Binti akainamisha macho, akaganda. Jirani yangu akaanza kueleza mambo ya mafunzo na utaratibu. Nikamkata kauli.

"Mama anaye," nikasema. "Ni mimi."

Ilitoka chinichini, wala haikuwa sauti yangu. Yule bwana alinitazama, akamtazama binti aliyekuwa anajifuta uso kwa aproni. Akasema aanze Jumatatu, kwa sharti moja: huyo mama akija kula hapa, asisikike.

Huwa nakwenda. Juzi niliagiza samaki, mhudumu mwingine akanisahau kabisa. Waliokuja nyuma yangu wakala, wakalipa, wakaondoka. Binti yangu alikuwa upande wa pili na wageni wake, ananiangalia kwa wasiwasi. Samaki alipofika alikuwa amepoa. Nikamla kimya mpaka akaisha, nikasema ahsante. Kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine nisingeweza.