Sala ya Kando ya Bomba

Jumatano asubuhi, hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, akina mama wa kikundi chetu cha amani tulisali kando ya bomba, madumu yetu yakitushikia foleni. Tuliomba Wakongomani na Warundi waache kugombania maji, ambayo siku hizi hukatika mapema, tukashikana mikono. Baada ya amina, kiongozi wetu Mkongomani alilipeleka nyuma kabisa dumu la mama Mrundi aliyekuwa wa kwanza, akaweka lake.

“Vumilia kidogo, dada. Batoto banalia ku nyumba.”

“Basi turudie sala, mama. Ile haikufika kwenye bomba.”

Hakuna aliyecheka, wala aliyelirudisha lile dumu. Nami nikasogeza langu mbele, kiganja kikiwa bado na joto la mkono wa yule Mrundi, niliyemshika wakati wa sala. Watoto ninaowafundisha nao husukumana kwenye foleni, ila wao hawatangulizi sala.