Swichi ya Siri Kwenye Ndege ya Mzee

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, hakuna gari lililotoka gereji yangu karibu na Kenyatta Market bila swichi ya siri. Wezi walikuwa wakiwapokonya watu magari mchana kweupe, na mimi nilikuwa bingwa wa kuificha hiyo swichi chini ya kiti. Dereva akiigusa kwa kisigino, injini inazima, na mwizi anabaki akitukana. Nilijisifu sana.

Kwa hiyo mzee mmoja mstaafu wa mtaa wa Spring Valley aliponiomba nimchoree mfumo wa umeme wa ndege ya viti viwili, aliyokuwa akiiunda mwenyewe nyumbani kwake, sikuuliza mengi. Hili ni gari lenye mabawa tu, nilijiambia. Nikachora betri, altaneta ya kuichaji, fyuzi, taa na redio, nikapitisha nyaya zote. Na kwa vile nilimpenda yule mzee, nikamwekea zawadi kimyakimya: swichi ya siri chini ya kiti chake. Nilipanga kumwonyesha tukimaliza.

Siku ya kujaribu injini tuliufunga mkia wa ndege kwenye nguzo. Injini ikanguruma vizuri, mkewe akapiga makofi mlangoni mwa jikoni. Mzee akajivuta mbele asome geji. Injini ikazima. Akawasha tena, ikagoma.

Nilijua papo hapo. Plagi za injini ile zilitegemea betri, na kisigino chake kilikuwa kimegusa zawadi yangu.

"Fundi, shida ni nini?"

"Mzee, nilikuwekea ile swichi ya wezi."

Akanitazama. "Wezi watanipata wapi huko juu?"

Mkewe alicheka. Mimi akilini nilikuwa namwona mzee angani juu ya vilima vya Ngong, injini kimya, hajui hata aguse wapi.

Nilingoja kufukuzwa, ningekuwa yeye, ningenifukuza. Badala yake alishuka, akanikalisha kwenye kiti chake, akanipa koleo na mchoro wangu.

"Toa hiyo kitu. Halafu uchore upya ukiwa umekaa hapo. Kila waya, uniambie: hii ikikatika nikiwa juu, nitafanya aje?"

Nilikaa pale siku nne. Nilifuta, nikachora tena, mpaka plagi zikapata betri yao ya akiba. Miaka yote ya ufundi, hakuna aliyekuwa ameniuliza swali kama lile. Namshukuru kwa kutonifukuza, na zaidi kwa kunikalisha.

Aliirusha peke yake miezi kadhaa, akiijaribu. Kisha akanipigia simu niende uwanjani. Nilimkuta mkewe ameshakaa kiti cha pili, mkanda umefungwa. Mzee hakuniuliza lolote kuhusu nyaya. Alinipungia mkono tu, wakapaa, nami nikalia mbele ya watu.