Fundi Pua na Kikohozi cha Wifi

Kwa miaka kumi na tisa, mwanamke aliyeitwa Fundi Pua alitambua ugonjwa wa gari kwa kunusa. Hayakuwa maigizo. Aliinama nyuma ya gari linalonguruma, akavuta pumzi mbili fupi, akasema, "Hili linatoa petroli isiyoungua," au, "Hapa oili inapita pasipotakiwa." Akifungua injini, anakuta ni hivyo hivyo. Kuna wateja waliokuja na mashemeji zao kumtazama tu.

Halafu mafua yakamlaza wiki mbili. Alipoinuka, nguvu zilirudi, hamu ya kula ikarudi, ila pua haikurudi. Alilijua hilo siku maziwa yalipoungua jikoni na mumewe akaingia mbio kutoka uani.

"Mke wangu, nyumba nzima inanuka, nawe umekaa?"

"Moshi nauona," alisema. "Harufu yake ndiyo haijanifikia."

Mtu mwingine angewaambia wateja ukweli. Yeye alikwenda kwa wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye saluni yake ilipakana na gereji na dirisha lake lilitazama pale pale magari yanapoegeshwa. Wakapatana. Fundi atainama na kunusa kama kawaida. Wifi, dirishani, ndiye atakayenusa kweli. Akikohoa mara moja, ni petroli. Mara mbili, ni oili. Akipiga chafya, ni maji ya rejeta.

Mambo yakaenda vizuri miezi miwili. Wifi aliipenda kazi ile kuliko hata nywele za watu, tena akaanza kujiongezea madaraka. Siku moja alikohoa mara tatu. Fundi akabaki ameinama mpaka akasingizia kwenda kuchukua spana.

"Tatu ni nini, wewe?" alinong'ona dirishani.

"Gari ni zima. Mwenye gari ndiye amelewa."

Basi Jumamosi moja asubuhi akaja mwalimu wa kwaya. Alikuwa mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, na pikapu yake ilikuwa imemzidi umri binti yake wa kwanza aliyekwisha kuolewa. Ndiyo iliyobeba spika na kinanda kila kwaya ilipoalikwa mahali.

"Fundi, hii taa ya injini inawaka mwezi wa tatu sasa," alisema. "Fundi wa kwanza alichomeka mashine yake, akaniambia bomba la moshi lina hewa nyingi mno, kwa hiyo sensa ya oksijeni imekufa. Akaweka mpya. Wiki moja, taa ikarudi. Akaweka nyingine. Ikarudi tena. Na petroli inakwisha kama kuna mtu mwingine anayeitumia."

"Washa," alisema Fundi Pua.

Mwalimu akawasha. Injini ilikuwa bado ya moto kwa safari. Fundi akajifuta mikono, akainama kwenye bomba, akavuta pumzi mbili.

Dirishani kikaanza kikohozi. Kimoja, viwili, vitatu. Fundi akangoja kikome. Vinne, vitano. Akanyanyua jicho. Saba! Mapatano yao hayakufika huko.

"Ngoja ninuse vizuri," alisema, akainama tena. Kikohozi kikaanza upya.

Mwalimu akazima injini, akashuka. Hakujua lolote la magari, lakini maisha yake yote alikuwa akiangalia nani anaingia baada ya nani.

"Fundi," alisema taratibu, "hebu nusa tena."

"Gari limezimwa, Mwalimu."

"Nusa tu."

Akanusa. Kule dirishani, kho! Mwalimu akageuka, akainua mkono juu kama anavyoisimamisha kwaya, akaufunga ngumi. Kikohozi kikakatika katikati.

Kisha mlango wa saluni ukafunguka, wifi akatoka na glovu zilizojaa rangi nyeusi, machozi yanamtiririka. "Wifi, nisamehe! Ni dawa ya nywele imenikaba tangu asubuhi! Wala hilo gari sijalinusa!"

Fundi Pua alihisi uso wake unawaka. Alitamani aingie chini ya pikapu na ajifanye ana kazi huko. Hakuingia.

"Sinusi kitu, Mwalimu," alisema. "Tangu nilipougua. Wifi ndiye aliyekuwa ananisaidia. Ukitaka kulipeleka gari kwingine, sitakulaumu."

Mwalimu alitazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti. "Mimi sikio la kushoto lina miaka mitano halishiki sauti nyembamba. Wale wa sauti ya kwanza nimewahamishia kulia. Nimewaambia ni kwa ajili ya mpangilio."

Wifi alicheka mpaka akajipaka rangi shavuni.

"Na la kulia?" aliuliza Fundi.

"La kulia ni zima kabisa."

"Basi nenda zako, urudi saa tisa. Injini ipoe kwanza, ndipo tukusikilizishe."

Aliporudi, boneti ilikuwa wazi. Fundi akamwambia ainamishe sikio la kulia karibu na injini, asiguse kitu, kisha akaingia mwenyewe kuwasha. Mwalimu akafumba macho.

"Kuna kitu kinapiga tik, tik, tik," alisema. "Huku upande wangu, chini. Kinachelewa kidogo, hakiendi na wenzake." Baada ya dakika chache akakunja uso. "Kimenyamaza."

Fundi akazima gari haraka. Sauti ile aliijua kwa kuelezwa tu. Chuma kikiwa baridi, ufa unabaki wazi na moshi unapenya ukigonga. Kikipata moto kinapanuka, ufa unajibana na kelele inakwisha, ingawa hewa kidogo bado inapita. Ndiyo maana asubuhi, injini ikiwa ya moto, hakuna aliyesikia kitu.

"Wifi! Niazime ile drai yako kubwa ya kukaushia nywele."

"Ya kukaushia nini?"

"Pikapu."

Waliacha chuma kipoe tena. Fundi akachomeka mdomo wa drai nyuma ya bomba la moshi, akaziba pembeni kwa tambara, wifi akaishikilia na kuiwasha kwa upepo wa baridi. Kule mbele Fundi akapaka maji ya sabuni kwa brashi kuanzia injini inapotolea moshi. Kiungo cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Alipofika kwenye mkunjo, shubiri moja tu kabla ya sensa, mapovu yakachomoza, madogo madogo, yakajipanga mstari mrefu kama kidole.

"Njoo umwone mwizi wako wa petroli," alimwita Mwalimu. "Huu ufa unatoa moshi, na kati ya mpigo na mpigo unavuta hewa ya nje. Sensa inaikuta hewa hiyo, inaripoti kwamba petroli haitoshi. Kompyuta ya gari inasadiki, inaongeza petroli. Sensa zako hazikuwa zimekufa hata moja. Zilisema kweli, ila zilikuwa zinapewa hewa ya kuazima."

Mwalimu alitikisa kichwa. "Nazo tumezitupa!"

Fundi alikichomoa chuma kile, kikachomelewa. Akaweka gasketi mpya ya kuziba kiungo, akafuta kumbukumbu ya kompyuta, wakazunguka na pikapu kwenye barabara zenye milima. Taa haikuwaka. Haikuwaka wiki ile, wala mwezi ule.

Jumatatu iliyofuata Jumamosi ile, Fundi Pua alimwambia mteja wake wa kwanza ukweli, kabla hajaulizwa. Mteja huyo aligeuza gari akaondoka, na Fundi akashinda siku nzima amenuna. Wa pili alibaki, tena alitaka aonyeshwe ile ya drai na sabuni. Kufikia mwisho wa mwezi watu walikuwa wanakuja na viti vyao kutazama mapovu. Wifi naye alianza kuimba sauti ya pili katika kwaya. Mwalimu alikuwa amerudi kumwomba, akisema ni nadra kumpata mtu anayetazama mkono wa kiongozi vile, hata akiwa amekabwa.