Namba Nne Haikuwa na Neno

Wakati wa vita mama yangu alikuwa muuguzi kwenye kituo cha afya huku Kasuku, na daftari lake lilificha mambo. Mbele ya kila jina aliandika namba tu: moja yuko, mbili amekimbilia msituni, tatu amekufa. Askari walikuwa wanakuja kulisoma, na neno "msituni" lingeiletea jamaa nzima taabu.

Leo natengeneza programu za kompyuta, na daftari lile nimepewa niliingize. Kompyuta inahifadhi namba, skrini inaonyesha neno. Ukichagua neno jingine, linageuzwa tena kuwa namba. Niliweka maneno matatu nikadhani nimemaliza. Majina machache yakatokea bila neno lolote, langu likiwemo. Yote yalikuwa na namba nne.

Nilikasirika. Mimi na baba tulikuwa msituni, kwa hiyo nilistahili mbili. Sipendi muntu anayebuni alama bila kuacha maelezo, hata akiwa mama yangu. Nikaenda kumuuliza.

"Nne njo wale tuliowafanyia matanga," akasema, "kisha wakarudi kwa miguu yao."

Hakuna aliyewahi kuniambia. Nikamuomba neno la kuweka.

"Andika 'yuko'."

"Hilo ni la moja, mama. Namba mbili zikiwa na neno moja, kompyuta haitajua irudi kwenye ipi."

"Basi tafuta lingine," akasema. "Wale wa moja sikuwalilia."