Shujaa Aliyeweka Pamba Masikioni

Nianze kwa kusema wazi: shujaa anayevaa chupi juu ya suruali hanishughulishi. Anaruka, anapiga, anabomoa mji mzima ili amkamate mwizi mmoja, kisha anaondoka bila kufagia. Huku kwetu Kasese mtu wa namna hiyo angeitwa kwa mwenyekiti wa kijiji akatozwa mbuzi. Mimi napenda filamu zilizopinda. Naipenda ile ya mzee aliyeunda mashine ya kumpeleka kesho, akafika kesho na kukuta sufuria zake bado chafu jikoni. Naipenda ile ya wageni kutoka nyota nyingine walioteremka duniani, wakaambiwa wajaze fomu, wakakaa kwenye foleni ya ofisi hadi wakazeeka. Dada yangu aliitazama pamoja nami, akauliza vita vinaanza saa ngapi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na dada yangu hunyoa.

Siku za kawaida natengeneza redio na simu mjini Kasese. Siku za soko nakwenda Bwera, mpakani, kwenye banda la filamu, nakaa kando ya skrini na kipaza sauti, natafsiri. Wengi wanaoingia ni wafanyabiashara waliovuka mpaka kutoka upande wa Beni na Butembo, kwa hiyo natafsiri kwa Kiswahili. Asije mtu akadhani mtafsiri wa banda anatafsiri tu. Anapika. Anawapa wahusika majina ya hapa, anawatukana, na filamu ikiisha vibaya anaitengeneza kwa mdomo. Hakuna anayeuita uongo. Ndiyo kazi yenyewe, na asiyejua kutengeneza mwisho hapewi kipaza sauti. Mara moja nilitangaza kwamba jambazi mkuu amekufa, nikamzika kwa maombi mafupi, na dakika kumi baadaye akatokea anakunywa chai. Nikampa pacha. Hakuna aliyelalamika, ila walibishana wiki nzima yupi kati yao ndiye mkubwa.

Sasa, nilikuwa na filamu moja niliyoipenda kuliko zote. Shujaa wake ni mama wa makamo anayefua mashuka ya hoteli. Magoti yanamuuma. Uwezo wake ni mmoja tu: anamsikia kila mtu anayelia kwa maumivu, popote alipo, na lazima aende. Anakwenda miaka na miaka. Mwishoni anaingia duka la dawa, ananunua pamba, anaziba masikio na kulala. Filamu inaishia hapo, amelala, uso wake umetulia. Niliiona ni filamu yenye hekima kuliko mahubiri mengi niliyosikia, na nikiri kwamba nilijiona mwerevu sana kwa kuielewa.

Nikamwambia mama mwenye banda kwamba nitaionyesha, na kwamba safari hii sitapika kitu, nitatafsiri neno kwa neno. Ni mama wa Bwesumbu, kule milimani, hana mchezo na biashara yake.

"Iko na vita?" akauliza.

"Haina."

"Iko na mapenzi?"

"Haina."

Akanitazama kama mtu aliyeletewa kuku mgonjwa. "Sawa. Lakini watu ikitoka mbele ya mwisho, wewe unarudisha kipaza yangu. Nitatafuta mutu mwingine."

Niliitaka kazi hiyo kuliko nilivyokuwa tayari kukiri. Redio ukiitengeneza haikuchekei, haikupigii makofi. Hata hivyo kiburi kikanishika, nikasema hakuna atakayetoka.

Siku ya kuionyesha, banda lilijaa mchana, wanawake wa mawese na vitenge mbele, mizigo yao miguuni, na nyuma kabisa mwanajeshi mstaafu ambaye hukosoa filamu zote kwa sauti. Nusu saa ya kwanza niliumia. Kila mama yule alipoinua shuka bila kusema kitu, ulimi wangu uliwasha. Ningeweza kumpa mume mlevi, au angalau nyoka ndani ya karai. Nikajizuia.

"Afande gani hii haina hata kisu," mstaafu akasema. Watu wakacheka. Mmoja akasimama, moyo wangu ukasimama naye, kumbe alikuwa anajinyoosha.

Kisha wakaanza kumfuata. Wanawake wa mbele walihesabu safari zake, wakamhurumia magoti, wakamwonya asipite njia ile ya mtoni. Mstaafu mwenyewe akanyamaza. Alipoingia duka la dawa nikajua nimeshinda, na nitasema ukweli, nilivimba kichwa. Nilitafsiri maneno ya muuza dawa kwa sauti ya padri. Mama akaweka pamba, akalala, skrini ikawa nyeusi, majina yakaanza kupanda.

Hakuna aliyetoka.

Nikasubiri makofi. Hawakupiga. Walikaa tu wananitazama mimi, na ilinichukua muda kuelewa kwamba wanangoja. Walidhani bado sijamaliza kazi yangu.

Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele ndiye aliyesema. Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa amekimbia vita kwao, vijijini karibu na Beni, na siku hizi aliuza mawese pande zote mbili za mpaka.

"Mutafsiri, muambie atoe ile pamba."

"Mama, filamu imeisha. Ndivyo ilivyo."

"Ile siku ya pacha haikukuwa vile ilivyo."

Watu hawakucheka. Nikaanza kumweleza, Mungu anisamehe, kwamba huo ndio uzuri wake, kwamba hata shujaa ana haki ya kuchoka, kwamba filamu hii inatufundisha kuwahurumia wanaobeba mizigo ya wengine. Nilisema vizuri. Nilikuwa nimejiandaa.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya kitenge chake.

"Sisi tulilia mpaka jua inatoka," akasema. "Na bunduki iko inalia. Majirani beko pale pale, ng'ambo ya barabara. Bashujaa, bale basoda ba kutulinda, beko kwa kambi yao, na magari. Hakuna mutu alikuja." Akanyoosha kidole kwenye skrini. "Wewe unapenda hii filme sababu uko unaangalia ule mama. Miye niko naangalia bale banalia. Banabaki wapi?"

Nilitazama skrini kana kwamba watu hao wangetokea. Filamu ile nilikuwa nimeitazama mara nyingi, na sikuwahi kujiuliza.

Mama mwenye banda alisimama mlangoni, akanipa ishara kwa kidevu kwamba kipaza sauti kinabaki changu. Sikuona raha yoyote.

"Na wewe," yule mwanamke akaniuliza, bila ukali, "kama iko wewe, ungelala?"

Ningeweza kupika. Banda zima lilitaka nipike, na maneno nilikuwa nayo. Nikaweka kipaza sauti chini.

"Ningelala, mama."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyejibiwa alichokijua.

"Bote banalalaka," akasema. Akajifunga kitenge vizuri, akainua madumu yake, akatoka ili avuke kabla mpaka haujafungwa.